Nchi ya Majani Inayohamwa na Watu



Serikali ifanye nini na nchi ambayo watu wake wanaihama? Swali hili si geni huko Marekani, katika nyika kubwa za majani zitokazo Texas hata Montana, na sisi wakulima na wafugaji yafaa tulifikiri.

Mwaka 1862 sheria ya huko iliwapa walowezi eka 160 kila mmoja kwa ada ndogo, mradi wakae na kulima miaka 5. Nchi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa ya Lakota, Cheyenne na makabila mengine. Wakaondolewa kwa nguvu, na nyati waliowategemea wakauawa hata wakabaki mamia tu. Bei ya ngano ilipopanda wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, majani yalipinduliwa kwa plau pasipo kiasi. Miaka ya 1930 mvua ikakatika. Udongo uliokosa mizizi ya kuushika ukapeperuka. Tarehe 14 Aprili 1935 vumbi liligeuza mchana kuwa usiku.

Ndipo serikali ikanunua mashamba yaliyochoka, hasa kwa sheria ya mwaka 1937, ikapanda majani tena. Leo karibu eka milioni 4 za nchi hiyo zimo mikononi mwa Idara ya Misitu. Wafugaji hawakufukuzwa: hulisha kwa kibali, hesabu ya ng'ombe huwekewa mpaka, na mahali pengine vyama vyao husaidia kusimamia malisho.

Hata hivyo watu waliendelea kuhama. Wilaya nyingi za huko zilikuwa na watu wengi zaidi mwaka 1930 kuliko sasa. Mwaka 1987 wataalamu wawili, Frank na Deborah Popper, walishauri sehemu kubwa irudishiwe nyati. Wenyeji walighadhibika, wakaona kana kwamba wanachimbiwa kaburi nao wangali hai. Lakini makabila ya Fort Peck, Montana, yalipoletewa nyati mwaka 2012, yaliwapokea kwa furaha, maana yaliwaomba yenyewe.

Tofauti hiyo twaijua sisi. Habari za vumbi lile ziliwafikia watawala wa Kenya, nazo zilichangia amri za kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Matuta ni kitu chema. Mkulima yeyote wa mlimani atakubali. Lakini watu waliamriwa wala hawakuulizwa, na mwaka 1947 wengi huko Murang'a waliikataa kazi hiyo.

Basi, ndugu zangu, majani hurudi yakipewa nafasi, bali imani ya watu ikipotea hairudi upesi. Anayekuja na shauri la kuhifadhi nchi, awe afisa au tajiri mwenye kununua mashamba, na aanze kwa kuketi na waliobaki, hata wakiwa wachache. Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone.