Mvua ya Mawe, Kuta za Udongo na Dhamiri Yetu

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe iliyoandamana na upepo mkali iliipiga kata ya Mwakata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, mifugo ikafa, na mazao yakalala chini. Katika misiba mingi ya namna ile husikika maneno yale yale, nasi mapadre tumeyatamka mara nyingi tukiwa makaburini: kazi ya Mungu haina makosa. Msimu wa masika unapobisha hodi, yafaa tuyapime maneno hayo kwa dhamiri njema.

Mvua ya mawe ina sababu zake za kimaumbile. Hewa yenye joto na unyevu hupanda kwa nguvu ndani ya wingu refu la ngurumo, ikiyabeba matone ya maji hadi kwenye baridi kali, ambako huganda. Punje ya barafu huendelea kunenepa kadiri upepo upandao unavyoweza kuishikilia. Ikizidi uzito, huanguka. Ndiyo maana nyanda za juu, kama zile za chai za Kericho na Nandi nchini Kenya, huipata mara nyingi. Kwetu pwani huonekana kwa nadra, kwa sababu barafu husafiri kilomita kadhaa katika hewa ya joto na kuyeyuka kabla ya kugusa ardhi. Lakini wingu ni la aina ile ile. Linalowashushia wenzetu mawe, sisi hutushushia radi, upepo wa ghafla na mafuriko.

Tukirudi Mwakata, tujiulize ni nini hasa kiliua. Barafu pekee haikutosha. Nyumba nyingi zilikuwa za udongo. Maji yalilowesha kuta, upepo ukang'oa mapaa, na kuta zikawaangukia watu waliokuwa wamekimbilia ndani yake kujisitiri. Mvua ilimnyeshea tajiri na maskini, bali ukuta ulimwangukia yule asiyekuwa na saruji.

Jambo hilo hilo twaliona Dar es Salaam. Desemba 2011 mafuriko yaliwaua watu wapatao 40, na bonde la mto Msimbazi likaumia kuliko sehemu nyingine. Serikali iliwapatia waathirika viwanja Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni. Hata hivyo, wapo waliorejea mabondeni. Ni rahisi kuwaita wakaidi. Lakini mama auzaye chakula Kariakoo, akihamishiwa mwendo wa saa nyingi kutoka kwa wateja wake, huchagua kati ya hatari ya siku moja na njaa ya kila siku. Hali haitofautiani sana na ya wakazi wa kando ya mto Mzinga upande wa Mbagala, Temeke. Familia hupanga chumba bondeni kwa sababu ndicho inachoweza kukilipia.

Tusisahau mema yaliyofanyika. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza mapema, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Abiria ambaye huenda angepanda chombo siku ile alizuiwa na mtu mwenye mamlaka ya kuzuia. Tahadhari ilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na aliyewajibika kuitekeleza.

Hapo ndipo Maandiko Matakatifu yanapotuangazia kwa namna ya pekee. Twaisoma habari ya mvua ya mawe ya Misri, katika sura ya 9 ya Kitabu cha Kutoka, kama habari ya adhabu tu. Lakini tukiisoma kwa makini twaona kwamba Mungu alitoa tahadhari siku moja kabla: watu na mifugo waingizwe ndani. Baadhi ya watumishi wa Farao walitii, wengine wakapuuza. Sasa tutazame ni nani waliobaki mashambani. Ni watumwa na wanyama wa wale waliopuuza. Mtumwa hakuulizwa, uhai wake ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Na leo je? Kijana wa bodaboda hujificha chini ya mwembe wakati wa radi kwa kuwa hakuna aliyemfungulia mlango. Mpangaji hulala kando ya ukuta uliopasuka kwa kuwa mwenye nyumba anahesabu kodi tu. Mtoto huvuka mto uliofurika kwa kuwa shule haikumruhusu kuondoka mapema, ilhali maji yaendayo kasi, hata yasiyofika magotini, yaweza kumwangusha mtu mzima. Kusema kwamba vifo hivyo ni kazi ya Mungu ni kumtwika Mwenyezi mzigo ulio wetu.

Hatusemi kwamba kila kifo chaweza kuzuilika, wala hatuwaondolei wenye dola wajibu wa kupanga miji na kuzibua mifereji. Twasema tu kwamba Kanisa lina chombo ambacho taasisi nyingi hazina: Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Jumuiya hujua ni bibi yupi anaishi peke yake, ni nyumba ipi imeinama, ni nani amejifungua juzi. Kila jumuiya na imteue mtu wa kufuatilia utabiri na kupita nyumba kwa nyumba, bila kubagua Mkristo na Mwislamu. Kila parokia na kigango kilicho mahali pa juu kiamue sasa, kabla ya masika, ni nani ashikaye ufunguo wa ukumbi usiku. Na waamini wenye nyumba za kupangisha wazikague kuta zao kabla ya kudai kodi.

Tunapowazika ndugu zetu, tutaendelea kumkabidhi Mungu roho zao kwa matumaini ya ufufuko. Lakini kabla ya kulitamka neno lile la kaburini, tujiulize kwanza kama ufunguo wa ukumbi ulikuwa mfukoni mwetu.