Jeep ya Baba, Pikipiki ya Watoto

Katika parokia zetu za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mwenye kutaka kujua ni nani aliyefanikiwa hana haja ya kuuliza. Asimame mlangoni pa kanisa siku ya Mungu, baada ya Misa, atazame ni nani anayepanda jeep na ni nani anayerudi kwa miguu. Watu wanapisha njia, wanasalimu kwa mikono miwili, na yule ambaye mwaka jana aliitwa kwa jina lake la ubatizo sasa anaitwa Boss. Hayo tungewaachia wenye kuyapenda, kama yasingeingia ndani ya nyumba za Wakristo na kuamua jinsi jamaa inavyotumia akiba yake ya miaka mingi. Yameingia, na ndiyo sababu tunaandika.

Tunasema wazi: jamaa nyingi za kikatoliki zinanunua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne kwa ajili ya mtu mmoja. Zinamnunulia baba kiti cha heshima. Watoto wanahesabiwa baadaye, kama mizigo inayotafutiwa nafasi pale safari inapokuwa tayari kuanza.

Bwana wetu, aliposema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, alimtaka kwanza aketi na kuhesabu. Tuhesabu basi. Uchunguzi wa taifa juu ya wakazi na afya wa 2013-2014 ulionyesha kwamba mwanamke wa nchi yetu huzaa, kwa wastani, watoto 6.6. Weka baba na mama, weka watoto sita, na hujamweka bado mama mzee aliyetoka kijijini kwa matibabu, wala mtoto wa ndugu anayesomea kwetu. Ni watu wanane tayari. Sasa tazama magari yanayotamaniwa. RAV4 nyingi zinazotufikia kutoka Japani zina nafasi tano. Harrier, tano. Subaru Forester, tano. X-Trail za miaka ya nyuma, tano vilevile. Kwa hiyo watoto wanne wanabanwa nyuma, mmoja anapakatwa, na mmoja anasimama kati ya viti viwili vya mbele akishikilia kichwa cha kiti cha baba yake. Hapo breki moja ya ghafla inatosha kumrusha kwenye kioo. Ama, na hilo tunaliona kila asubuhi ya shule, baba anatoka peke yake ndani ya jeep, vioo vimefungwa, na watoto wake watatu wanafuata juu ya pikipiki moja ya abiria, bila kofia, nyuma ya dereva ambaye hakuna mzazi anayemjua jina.

Gari la namna hiyo halistahili kuitwa gari la jamaa, hata kama lingevuta kwa magurudumu kumi.

Tutajibiwa kwamba barabara zetu ni mbaya. Ni kweli, na anayekaa Annexe au pembeni ya Ruashi hana haja ya kufundishwa jambo hilo. Toka Novemba hadi Aprili mvua hugeuza udongo mwekundu kuwa potopoto, na gari linalovutwa na magurudumu mawili huzunguka palepale likijichimbia kaburi. Lile linalovuta kwa yote manne hugawa nguvu: gurudumu moja likikosa mshiko, mengine yanaendelea kusukuma. Kwa mama mjamzito anayepaswa kufika hospitali usiku wa mvua, tofauti hiyo si pambo. Kwa hiyo hatuwaambii Wakristo waache magari hayo. Tunawauliza kama wanajua wanachokinunua.

Wengi hawajui. Jina la RAV4 au la Harrier lililobandikwa nyuma halitoshi, kwa kuwa magari hayo yalitengenezwa pia kwa namna ya kuvuta kwa magurudumu mawili tu, na umbo la nje ni lilelile. Mtu analipa bei ya jeep, anapeleka nyumbani gari la kawaida lililovaa koti la jeep. Ainame, atazame chini: kama hakuna mhimili unaotoka mbele kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma, ameuziwa koti. Tena mara nyingi kinacholikwamisha gari katika mitaa yetu ni tumbo lake lililo karibu mno na ardhi. Likishakalia tuta la udongo, magurudumu yote manne yanazunguka hewani. Kwa njia nyingi za mjini mwetu, gari lililoinuka kutoka ardhini, lenye mipira mizuri, linashinda lile lenye sifa nyingi katika karatasi.

Na mipira hiyo ina deni lake. Mengi ya magari hayo, hasa yale yanayovuta kwa manne muda wote, yanadai mipira ya kipimo kimoja iliyochakaa sawasawa. Sisi tumezoea kununua mpira mmoja uliokwisha kutumika, kila mmoja unapopasuka, kwa yule muuzaji wa kando ya njia. Mtambo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma unahangaika, unapata joto, na siku moja unakufa. Siku hiyo minervali ya mtoto wa sekondari ndiyo inayoliwa. Shule za msingi za umma, pamoja na zile za Kanisa zenye mkataba na serikali, ni za bure tangu 2019. Sekondari bado inalipwa, na mwenye duka la vipuri hana habari na hilo.

Lakini tuseme lile linalotuuma zaidi. Hofu ya potopoto imetufanya tusahau lami, na kwenye lami ndiko tunakozikana. Nani kati yetu hajawahi kufuata malori ya shaba na kobalti kwenye njia ya Kasumbalesa, au ile ya Likasi na Kolwezi, moja nyuma ya lingine, kilomita baada ya kilomita? Magari yetu ya Japani yanashuka bandarini Dar es Salaam, yanavuka Tunduma na Nakonde, yanapita Zambia yote yakiwa bado upande wao wa kushoto. Yakifika Kasumbalesa yanahamia upande wa kuume wa barabara, na usukani unabaki kuume. Toka hapo dereva anakaa ukingoni mwa njia, mbali na katikati. Akitaka kulipita lori, haoni kinachokuja mpaka amelitoa gari karibu lote. Kuvuta kwa magurudumu manne hakumsaidii chochote hapo. Hakumsaidii hata kusimama, maana gari lolote, liwe dogo au kubwa, hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Anayeikimbiza jeep kwenye lami yenye maji akidhani nguvu hiyo itamlinda amejidanganya, na amewadanganya wanaolala kwenye kiti cha nyuma.

Kuna na jambo la milango ambalo wauzaji hawalisemi. Hiace nyingi, na zile Noah za mwanzo, zina mlango wa kusukuma upande wa kushoto tu. Kule Japani, wanakotembea kushoto, mlango huo hufunguka kwenye ukingo wa njia. Kwetu unafunguka katikati ya barabara. Mtoto wa miaka mitano anaruka chini, kama watoto warukavyo, na anatua mbele ya pikipiki. Ambaye amenunua gari hilo, na tunajua kwamba kwa wengi ndilo linalopatikana, ajue kwamba hakuna mtoto anayeshuka kabla mtu mzima hajashuka.

Turudi kwa yule dereva anayetaka kulipita lori. Ni nani anayemwambia kwamba njia ni nyeupe? Ni mama, aliyekaa mbele, kushoto. Yeye ndiye anayeona kwanza. Yeye ndiye anayesema, pita, au anayepiga kelele, rudi! Na mama huyohuyo, ambaye uhai wa nyumba nzima unategemea macho yake safarini, hakuulizwa neno gari liliponunuliwa. Alilikuta uani limeoshwa, majirani wamekwisha kupongeza. Sisi watu wa Katanga tungepaswa kuona haya kuliko wengine. Hapa kwetu, karibu na Kolwezi, katika miaka ya 1950, Padri Placide Tempels, Mfransisko, na waumini wafanyakazi wa migodi pamoja na wake zao, walianzisha ile iliyoitwa Jamaa. Ilikuwa na mivutano yake na viongozi wa Kanisa, hilo linajulikana. Lakini iliacha mafundisho ambayo wazee wetu bado wanayataja kwa maneno matatu, uzima, uzazi, mapendo, na desturi ya mume na mke kuambiana mawazo yote ya moyo bila kuficha. Tunajiuliza ni mapendo gani yanayoficha dola elfu kadhaa zilizowekwa katika gari.

Wapo wanaoleta neno la baraka. Wanasema Mungu habariki nusu, na kwamba Mkristo anayepanda gari la kawaida wakati angeweza kupanda kubwa anamtia Mungu haya. Mahubiri hayo hayakutoka madhabahuni petu; yametujia kupitia redio na mikutano ya usiku, nasi tukayapa kiti. Baba Mtakatifu Fransisko, alipozungumza na waseminari na wanovisi huko Roma mwezi wa Julai 2013, alisema kwamba inamwumiza kuona padri au mtawa akiwa na gari la mtindo mpya kabisa. Kwamba gari ni la lazima kwa kazi, lakini lichaguliwe lililo nyenyekevu, kwa kuwakumbuka watoto wanaokufa kwa njaa. Husemwa kati ya walei kwamba hayo ni ya mapadri. Ni ajabu: tunaijua sana sentensi hiyo tunapotazama gari la paroko, na hatuijui tena tunapotazama la kwetu. Miaka miwili baadaye, katika barua yake Laudato si', aliwalilia wote, si watawa tu, juu ya miji iliyosongwa na magari yanayobeba mtu mmoja au wawili. Aje mtu asimame saa moja asubuhi kwenye njia za kuingia mjini Lubumbashi, ahesabu vichwa ndani ya kila jeep.

Hatutaki kuanguka upande wa pili, kwa wale wanaosema Mkristo wa kweli anatembea kwa miguu. Maneno hayo ni rahisi kwa asiye na mtoto mwenye homa. Msamaria wa Injili alimpandisha aliyeumizwa juu ya mnyama wake mwenyewe, na kwa hakika alitembea kando. (Punda wa safari ya Misri tunamjua kutoka kwa wachoraji, Injili haimtaji.) Mnyama wa Msamaria alikuwa na kazi moja siku ile, kumbeba asiyeweza kutembea.

Basi kwa jamaa inayokua na yenye uwezo, sisi tungetafuta kwanza safu tatu za viti vinavyotazama mbele, kila nafasi na mkanda wake. Yale mabenchi ya ubavuni ya Land Cruiser za zamani, tuliyoyapenda enzi za misheni, hayafai kwa watoto. Mkanda wenyewe umekatwa kwa kimo cha mtu mzima. Mtoto asiyefikia kama mita moja na nusu anahitaji kiti kinachomwinua ili mkanda upite begani badala ya shingoni. Anayepakatwa hana mkanda. Mikono ya mama, hata yenye upendo wote wa dunia, haiwezi kumshika gari linapogonga. Prado ya zamani iliyotunzwa vizuri, yenye safu tatu, inavuta kwa magurudumu yote manne muda wote na imeinuka vya kutosha, ingawa inakunywa mafuta na nafasi ya mizigo inabaki ndogo. Noah ipo pia ya kuvuta kwa manne, ni rahisi zaidi kulisha, lakini tumbo lake liko chini; kwa anayekaa karibu na lami inatosha. Ukipata gari lenye usukani wa kushoto, kama yale yanayotoka nchi za Ghuba, lifikirie hata bei yake ikiwa juu. Na kwa jamaa ambayo hesabu haikubali, tunasema bila kuona aibu: lipeni taksi-basi ya mtu mnayemjua, mlipe sekondari, mngoje.

Kwa maparoko wetu tuna ombi moja. Waumini wataendelea kuwaleteeni magari mapya mlangoni pa kanisa ili yanyunyiziwe maji ya baraka, na ni jambo jema. Tunaomba kwamba kabla ya sala padri aite jamaa nzima, baba, mama na watoto wote, waingie, milango ifungwe, kila mmoja afunge mkanda wake. Yule asiyepata mkanda ashuke, asimame kando ya padri, mbele ya watu wote, mpaka baraka imalizike.