Jua Huchwa, Mto Hauchwi

KURUNZI YA JUMATANO, na Mzee wa Kurunzi

Kuunganisha mtambo mdogo wa umeme wa maji wa nyumbani na gridi ya taifa, yaani mtandao wa nyaya unaogawa umeme nchi nzima, ni jambo lililoruhusiwa na sheria ya Kenya tangu mwaka 2019, ijapokuwa ofisi zinazoshughulika na maombi hayo zingali zikiamini kwamba umeme wa mwananchi hauna budi kutoka mbinguni. Sheria ya Nishati ya mwaka huo inampa mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 haki ya kuomba mkataba wa mita ya kwenda na kurudi, ambayo hupima umeme unaoingia nyumbani pamoja na ule unaotoka, na kanuni za mwaka 2024 zikaeleza hesabu zake. Sheria inataja mtambo wa kuzalisha umeme. Haimwamuru mtu kupanda juu ya paa.

Wiki hii, katika ofisi moja ambayo haitatajwa, kwa kuwa wasomaji wa safu hii wamekwisha kumzoea karani wake, Bwana Mhuri, na wanajua ana pacha katika kila kaunti, mkulima mmoja wa chai kutoka miteremko ya Nyandarua, upande wa Murang'a, alifika dirishani na bahasha ya michoro iliyokunjwa kwa uangalifu kama hati ya shamba. Karani aliipokea, akaitazama juu juu, kisha akauliza, "Mzee, paa lako lina ukubwa gani?" Mzee akajibu kwamba paa halihusiki, kijana wangu, kwa maana umeme wake unatoka mtoni. Karani akarudia swali, safari hii kwa sauti ya juu zaidi, kama kwamba tatizo lilikuwa masikio ya mzee. Fomu ilidai idadi ya paneli, mwelekeo wa paa na saa za jua kwa siku, na haikuwa na mstari hata mmoja wa kuandikia maji.

Mtu yeyote aliyekuwa kwenye foleni hiyo na akawa na hesabu za darasa la nane angekereka. Maji ya lita 20 kwa sekunde, yakiporomoka kimo cha mita 30 ndani ya bomba, hutoa takriban kilowati 3 hata baada ya nusu ya nguvu yao kupotea katika bomba, gurudumu na jenereta, na kwa kuwa mto haulali, kilowati hizo 3 hukusanya uniti zipatazo 70 kwa siku moja. Nyumba yenye taa, runinga na friji haiwezi kuzimaliza. Zinazobaki haziwezi kuachwa hivi hivi, kwa sababu jenereta isiyo na mzigo huongeza kasi hadi ikajidhuru. Kwa hiyo kifaa cha kudhibiti mzigo huzielekeza kwenye koili za kuchemshia maji, na matokeo yake ni kwamba familia ya mzee huyo ina maji ya moto ya kuoga ya kutosha bweni zima, huku jirani ng'ambo ya mto akiwasha koroboi.

Haki itendeke hata kwa Bwana Mhuri: hofu moja ya wahandisi ni ya kweli. Gridi inapokatika na mtambo wa nyumbani ukaendelea kuzalisha, kipande cha mtandao hubaki hai peke yake, hali inayoitwa kisiwa cha umeme, na transfoma ileile iliyokuwa ikishusha volteji huipandisha kinyumenyume hadi maelfu, ikamkuta fundi juu ya nguzo aliyeambiwa waya umekufa. Lakini dawa yake inajulikana. Relei ya ulinzi hukata muungano mara volteji au mizunguko 50 ya kila sekunde inapoyumba, na mota ya kawaida ya fezi tatu, ile inayozungusha vinu vya posho, ikizungushwa na maji kwa kasi inayozidi kidogo mizunguko 1,500 kwa dakika, huwa jenereta inayotegemea gridi yenyewe kupata usumaku wake, hivyo gridi ikizimika nayo kwa kawaida huzimika, mradi pasiwe na kapasita za kuipa uhai na pawe na vali ya kufunga maji kabla gurudumu halijaenda mbio. Haya hayakuulizwa dirishani. Liliulizwa paa.

Wala si mambo mageni nchini. Kituo cha Mesco kilijengwa enzi za ukoloni kwenye mto Maragua, Murang'a hiyo hiyo, kikiwa na kilowati 380 tu, na kiwanda cha chai cha Imenti kule Meru kimeiuzia gridi ziada ya umeme wake wa maji. Mto mdogo unakubalika, inaonekana, mradi mwenyewe awe kampuni.

Hata anayepenya tundu hilo la sindano hukuta kwamba kila uniti anayoipeleka kwenye gridi huhesabiwa kuwa nusu. Labda kwa umeme wa jua, unaofurika adhuhuri wakati mahitaji si makubwa, nusu ina mantiki. Kwa umeme wa mto, unaofika jioni ileile nchi nzima inapowasha taa na kupika, ni dhuluma iliyovaa suti. Kwa jioni hizo hizo, tangu mwishoni mwa mwaka 2022, Kenya hununua umeme wa mito ya Ethiopia, unaosafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Suswa, na hakuna aliyewahi kuwauliza Waethiopia habari za paa.

Mzee alirudishiwa fomu kwa sababu nafasi ya saa za jua ilikuwa tupu. Alikaa kwenye benchi, akaazima kalamu, akaandika 24. Bwana Mhuri alipiga mhuri bila kuinua macho.