Vijana Tunaopanga: Tudai Karatasi, Kisha Tudai Sheria

Makamanda, tunaongea sana kuhusu Katiba Mpya na Tume Huru, na ni sawa kabisa. Lakini wengi wetu tunaosoma hapa tumepanga. Uwe Sinza, Mabibo, Mbagala au Mwanza, habari ni ileile: kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi, juu yake mwezi mmoja wa dalali, halafu unapewa funguo bila hata kipande cha karatasi. Siku mkikosana na mwenye nyumba ndipo unagundua hujui pa kuanzia. Mimi nasoma sheria, kwa hiyo leo naomba niseme mambo mawili: namna ya kujilinda kwa sheria iliyopo, na kwa nini hiyo iliyopo haitutoshi.

Tuanze na historia kidogo. Tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Mwaka 2005 Bunge likaifuta. Sisemi ilikuwa nzuri au turudishiwe kama ilivyokuwa. Ninachosema ni kwamba ilifutwa na hakuna sheria mahususi ya wapangaji iliyowekwa badala yake. Tukabaki na Sehemu ya Tisa ya Sheria ya Ardhi ya 1999, ambayo inahusu upangishaji wa kila aina, kuanzia ghorofa la ofisi Posta hadi geto lako la chumba kimoja.

Hata hivyo humo ndani kuna vya kushika. Upangaji wa mwaka mmoja au pungufu unatambulika hata kama mlikubaliana kwa mdomo tu. Ukilipa kodi na kutimiza masharti, una haki ya kukaa kwa amani bila mwenye nyumba kukuingilia. Kama hamkupanga muda wala notisi, na unalipa mwezi kwa mwezi, anayetaka kuvunja makubaliano anatakiwa kutoa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Na Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa ni kosa kuingia kwenye nyumba kwa nguvu ili kuitwaa, hata kama anayeingia ana haki nayo. Yaani "nyumba ni yangu" siyo ruhusa ya kuvunja mlango.

Tatizo ni ushahidi. Mwenzangu darasani alilipa miezi sita, hela taslimu, bila risiti. Mwezi wa tatu akaambiwa aongeze au ahame, maana kapatikana mtu wa kutoa zaidi. Akakataa. Wiki ya mitihani akarudi akakuta kufuli jipya mlangoni, madaftari na kitambulisho chake viko ndani. Mwenye nyumba akasema alilipwa miezi mitatu tu, imeisha. Binti hakuwa na kitu cha kuonyesha. Alitoa vitu vyake, akahama, na miezi mitatu ya boom ikaenda hivyohivyo.

Kwa hiyo, kabla hujakosana na mtu:

1. Dai mkataba wa maandishi, hata ukurasa mmoja: majina, kiasi, muda, notisi, nani anatengeneza nini, umeme na maji vinagawanywaje. Weka mashahidi. Ulipie na ushuru wa stempu, maana mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini.

2. Lipa kwa simu au benki. Ukilazimika kutoa taslimu, usiondoke bila risiti au sahihi yake kwenye daftari.

3. Usifute meseji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kutumika kama ushahidi. Mkiongea kwa mdomo, mwandikie WhatsApp baadaye: "Mama, kama tulivyokubaliana leo..."

4. Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, kitasa na bomba. Siku ya kutoka rudia.

5. Ukigombana, usiishie kwa mjumbe wa nyumba kumi. Huyo ni kiongozi wa CCM, siyo chombo cha kisheria. Nenda serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Zikipita siku 30 bila suluhu, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Sasa jiulize: mtu aliyefungiwa nje leo jioni atasubiri siku 30 akiwa analala wapi? Hapo ndipo elimu ya mpangaji mmoja mmoja inapofika mwisho na siasa inapoanza.

Wala mwenye nyumba siyo adui yetu. Wengi ni wastaafu waliojenga kwa kiinua mgongo, au wajane wanaoishi kwa vyumba viwili vya uani. Nao wanaumizwa na wapangaji wanaotoroka usiku na deni la miezi minne. Sheria iliyo wazi inawalinda wote wawili.

Naomba jumuiya yetu ya vijana iingize hili kwenye ajenda: ukomo wa kodi ya kutanguliza, na kwa maoni yangu usizidi miezi mitatu, mkataba wa maandishi kuwa lazima, kwa fomu rahisi ya Kiswahili inayopatikana serikali ya mtaa, na amri ya haraka ya kumrudisha ndani mpangaji aliyefungiwa huku kodi yake haijaisha. Hayo mtu wa Mbagala anayaelewa bila kuhutubiwa.

Sheria hiyo hatutaipata kesho. Kodi yako inayofuata inakuja. Ukienda kulipa, usirudi mikono mitupu.