Siti wa Unguja kapitia London

Siti of Unguja, albamu aliyoitoa Siti Muharam mwaka 2020, bado inabishaniwa barazani kwetu. Yeye ni kitukuu wa Siti binti Saad, na lebo iliyoitoa, On the Corner, ni ya London. Taarabu ya kale imetiwa besi nzito na vionjo vya elektroniki. Wazee wasema imeharibiwa. Mimi siafiki. Bibi mwenyewe alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, kwa mitambo ya wageni, na leo twaziita asili! Kinachoniuma ni kwamba kazi hii tumengoja tufanyiwe. Vijana wetu wa Mombasa wana kompyuta, na besi ya rege waijua. Mafundi wa udi tungali nao wachache. Nani atawakutanisha?