Kombe linaweza kupotea katika biro

Kila mara tunapohesabu makombe ya Afrika yaliyofika Lubumbashi, tunaanza na lile la 1967. Ni haki yetu kujivunia. Lakini vijana wajue pia namna lilivyopatikana, kwani ndani yake kuna somo ambalo mupira wetu haujalishika bado.

Wakati ule mashindano ya mabingwa wa inchi za Afrika yalikuwa machanga. Yalianza 1964, na Oryx ya Douala ndiyo iliyobeba kombe la kwanza. Katika 1967 Englebert ya Lubumbashi, ile tunayoiita leo Mazembe, ilikutana katika fainali na Asante Kotoko ya Ghana. Kule Kumasi, 1-1. Kinshasa, 2-2. Mapigo ya penalti ya kumaliza mechi hayakuwa bado katika sheria, basi CAF ikaamua timu zipambane tena Kameruni. Englebert ilifika. Kotoko haikuonekana. Haikuwa woga: shirikisho la mupira la Ghana halikuifikishia timu habari ya mechi hiyo. Kombe likapewa Englebert.

Hakuna anayeweza kusema Englebert ilikuwa timu ya bahati tu. Katika mashindano ya 1968 iliipiga Etoile Filante ya Lomé 5-0, na hata ilipofungwa 4-1 kule Togo, kombe lilibaki kwetu. Kotoko nayo ilingoja siku yake: katika fainali ya 1970 ilitushinda 2-1 pale pale Kinshasa. Lakini wachezaji wake wa 1967, ambao hawakufungwa katika mechi yoyote ya fainali, walipoteza kombe kwa sababu ya ujumbe uliokwama katika biro.

Tusiwacheke. Katika 2011 zamu ilikuwa yetu. Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, na miezi michache mbele ilikuwa imecheza fainali ya dunia ya vilabu na Inter ya Milan. Iliiondoa Simba ya Dar es Salaam kwa mabao 6-3. Simba ikapeleka malalamiko: muchezaji mumoja wa Mazembe hakuwa na haki ya kucheza. CAF ikakubali, na bingwa akafukuzwa katika mashindano. Mabao sita yakafutwa na karatasi moja.

Ikiwa jambo hili liliipata timu tajiri kuliko zote za inchi, itakuwaje kwa vilabu vya Goma, Bukavu, Kindu ao Bunia? Wengi wanatafuta pesa ya kocha, ya viatu, ya safari. Sekretere anachaguliwa kwa sababu ni rafiki ya prezida. Mikataba inabaki mudomoni, tarehe za kuandikisha wachezaji zinapita, na siku ya malalamiko kila mutu anamutupia mwenzake.

Tunaomba mambo mawili. Kila kilabu kiwe na mutu anayejua sheria na kutunza karatasi za kila muchezaji, naye alipwe kwa kazi hiyo. Na Fecofa ipeleke kila barua ya CAF moja kwa moja kwa kilabu kinachohusika, siku ile ile, na kuomba jibu kwamba imefika.

Kijana anayetoka jasho kiwanjani ashindwe na mupinzani wake. Asishindwe na biro ya kwao.