Lugha Iliyobaki Kichwani mwa Uhura

Penye mazungumzo ya Waswahili juu ya filamu za kigeni, hakosekani mtu wa kutukumbusha, kwa kifua mbele, kwamba lugha yetu ilikwishaizunguka mbingu zamani. Ushahidi wake ni Uhura, afisa wa mawasiliano katika chombo cha angani cha Star Trek, mfululizo wa Kimarekani ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza baina ya mwaka 1966 na 1969. Jina lake limetokana na neno letu uhuru. Mwigizaji wake, marehemu Nichelle Nichols, alikuwa akisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na kitabu cha Robert Ruark chenye jina hilo. Irabu ya mwisho ikabadilishwa ili jina lilainike na kumfaa mwanamke, kana kwamba Kiswahili nacho hutenga wake na waume kwa mwisho wa neno. Hilo tuliache. Neno langu leo si juu ya jina, bali ni juu ya sehemu moja ya mfululizo huo, na juu ya makofi tunayoipigia bila ya kuitazama.

Sehemu hiyo yaitwa "The Changeling", nayo ilionyeshwa Marekani tarehe 29 Septemba 1967. Mtambo uitwao Nomad, uliotumwa na wanadamu kutafuta viumbe wengine kisha ukaharibika huko angani, unaingizwa chomboni. Unamsikia Uhura akiimba. Unataka kujua kuimba ni kitu gani na kuna maana gani. Kwa kuwa haufahamu, unamfuta kumbukumbu zake, kisha unalalamika kwamba akili ya kiumbe yule ilikuwa vurugu tupu. Tabibu na muuguzi wanaanza kumfundisha upya kusoma, sentensi za kitoto, kwa Kiingereza. Anakwama, anahamaki, na katika hamaki hiyo maneno yanayomtoka ni ya Kiswahili.

Niliitazama sehemu hiyo Korogwe, nyumbani kwa shemeji yangu, kwenye kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya stuli, na majirani wamejaa sebuleni. Mimi nilikuwa mfasiri, nikifuata desturi ya vibanda vya video: kila wahusika wakinena, nami nawasemea kwa Kiswahili. Ilipokwisha, kila mtu alikuwa na lake.

Fundi cherehani mmoja alisema mtunzi kakosea. Ikiwa kichwa kimefutwa, Kiswahili nacho kimebakia wapi? Shemeji yangu akamjibu kwamba hayo si ya kuhoji. La muhimu ni kuwa Wamarekani wenyewe wameikubali lugha yetu. Mwalimu mstaafu aliyekuwa amekaa mbele akasema kwa upole wake, "Chombo kina lugha yake, wanangu. Anayetaka kazi chomboni na aifuate." Hapo binti wa kidato cha pili, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akanong'ona, "Shikamoo Mwalimu. Lakini yule ni mimi, Januari ile nilipoingia kidato cha kwanza."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, na tangu siku hiyo nimekuwa nikibishana kichwani mwangu na wale watatu wa mwanzo.

Nianze na fundi. Nilipovuka kwenda Handeni wiki iliyofuata, niliisimulia hadithi ile mbele ya mzee mmoja wa Chogo. Wasomaji wa visiwani huenda wasiijue Chogo, na hali inatuhusu. Katika karne ya 19, Wazigua wengi walichukuliwa kutoka nchi hii, wengine wakati wa njaa, wakapakiwa majahazini hadi Usomali kufanyishwa kazi ya utumwa mashambani. Bahari waliyopitishwa ni hii hii yetu, na biashara ile ilikuwa na mkono wa visiwa hivi, tusijifanye wageni. Walitoroka wakajificha katika misitu ya bonde la mto Juba, na masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Wakaishi huko vizazi na vizazi, wakiitwa majina ya dharau, na Kizigua hakikuwatoka kinywani. Vita vya Usomali vilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanga. Wakahifadhiwa katika kambi ya Mkuyu, Handeni, kisha tangu mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, na baadaye Serikali ya Tanzania ikawapa uraia. Walirudi katika nchi waliyotolewa mababu zao, wakasalimiana na wenyeji, wakafahamiana.

Mzee yule aliposikia habari za Uhura hakuona kosa lolote. Alisema tu, "Wanaweza kukunyang'anya vyote. Lugha uliyolelewa nayo wataipatia wapi?" Basi, fundi, mtunzi hakukosea. Yumkini hakujua alichokiandika, lakini kalamu yake ilipita penye kweli.

Nije kwa shemeji, na pamoja naye wote wanaopiga makofi. Hebu tazameni Kiswahili kimepewa kazi gani katika hadithi ile. Ndiyo lugha ya aliyepotewa na akili. Ndiyo lugha ya hasira, ya mtu asiyeweza kusoma sentensi ya mtoto. Kiingereza ndicho cha tiba, cha kitabu na cha kazi. Walio pembeni yake wanasikia kwa masikio yao kuwa ipo lugha moja iliyosalimika kichwani mwa mgonjwa, tena timamu. Wala hapatokei hata mmoja wa kusema: basi na tumfundishe kwa hiyo. Ukuta mmoja wa nyumba umenusurika moto, nao wanakwenda kuchimba msingi mpya kiwanja cha pili. Mwisho wa hadithi tabibu anatangaza kwamba mgonjwa amekwishafikia kiwango cha chuo, na baada ya juma moja atarudi kazini. Kiswahili hakitajwi tena. Je, hiyo ndiyo heshima tunayoishangilia?

Sasa nije kwa Mwalimu, ambaye hoja yake ni nzito kuliko zote, na ambaye namheshimu. Chombo kina lugha yake: kweli. Sidai kwamba Uhura angeachwa asijue Kiingereza. Kazi yake ilikuwa mawasiliano. Nasema kwamba kuna tofauti baina ya kumfundisha mtu lugha ya chombo na kumfundisha kila kitu kwa lugha hiyo asiyoijua. La kwanza ni elimu. La pili ni kumfuta kwa mara ya pili.

Na hilo la pili, Mwalimu, ndilo tunalolifanya sisi wenyewe. Mtoto wa Handeni au Korogwe anaanza na Kizigua, Kisambaa au Kibondei chake cha nyumbani. Katika skuli za msingi za umma anasoma miaka yote kwa Kiswahili. Anajua usanisinuru, anajua mzingo na kipenyo, anajua kueleza kwa nini maji huchemka. Kisha Januari moja anaingia kidato cha kwanza, anapewa majuma machache ya kuzoeshwa Kiingereza, na baada ya hapo biolojia, historia na hisabati vyote vyamjia kwa lugha hiyo. Aliyekuwa akinyoosha mkono wa kwanza darasani anainamisha kichwa. Uhura alipewa juma moja kwa kuwa ni hadithi. Wa kwetu wanapewa majuma machache, na si hadithi.

Utaniambia, Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Hoja hiyo imezeeka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwishachapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Na sisi wa visiwani tusiwanyooshee vidole wa bara, kwani Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Wao wanangoja sekondari. Sisi tuliona hata huko ni mbali.

Linalonichoma zaidi ni tarehe. Mwaka 1967, mwaka ule ule ambao Wamarekani walimwonyesha Uhura akirudishwa kwenye kitabu cha Kiingereza, Tanzania ilitangaza Elimu ya Kujitegemea, ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa kwa sheria, na Kiswahili kikapewa kazi ya kufundishia skuli za msingi mpaka darasa la mwisho. Yaani wakati wao wanaota kwamba Kiswahili ni cha hamaki, sisi tulikuwa tunakipa kitabu na chaki. Tulikuwa mbele ya ndoto yao. Kisha tukasimama mlangoni mwa sekondari, na tumesimama hapo hadi leo. Mwaka 2021 UNESCO ikatupa tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Tunaiadhimisha kwa ngoma na hotuba. Asubuhi yake binti wa Korogwe anarudi darasani kukariri asichokielewa.

Wala asitwambie mtu kwamba lugha hii haiwezi kwenda angani mpaka ibebwe na chombo cha wengine. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, mkoa huo huo wa Tanga, alichapisha Kusadikika mwaka 1951, miaka kumi na mitano kabla ya chombo cha Uhura kuruka. Ni nchi nzima inayoelea hewani, yenye mahakama, wajumbe na mshitakiwa anayejitetea kwa hoja. Na huko juu Kiswahili hakikuwa cha mtu aliyepotewa na akili, bali ndicho cha sheria, cha hoja na cha hukumu. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu aliyeliandika alifikiri kwa lugha aliyonayo.

Enyi wapenzi wa ushairi, kumbukeni mwanzo wa kisa: Uhura alifutwa kwa kuwa alikuwa akiimba, na mtambo haukuona faida ya kuimba. Mitambo ya namna hiyo haiko angani peke yake. Iko pia katika ofisi ambazo huuliza kila lugha itatuingizia nini, na isipopata jibu la hesabu, hufuta. Binti yule wa kidato cha pili hakuomba makofi wala siku ya maadhimisho. Aliomba aulizwe kwa lugha ambayo anaweza kujibu. Nami sina la kumpa ila ubeti huu, nikiwaachia wenye mamlaka wampe lililobaki:

Kumbukumbu zafutika, lugha yabaki moyoni,
Mtu anapoteseka, humtoka ulimini,
Leo mnamgeuka, mwana wenu darasani,
Mfunzeni atashika, kwa lugha ya akilini.